Hekalu Kubwa la Thanjavur na Kivuli Chake



Wahariri wameniomba niandike somo fupi juu ya majengo ya kale ya huku India, eti kwa sababu mimi ni mtu wa uhandisi wa majengo na kila siku nawasumbua watu watoke bwenini wakatembee. Nimekubali. Somo langu la leo ni Hekalu la Brihadishvara lililoko mji wa Thanjavur, jimbo la Tamil Nadu, kilomita 300 na ushee kutoka Chennai. Watamil wenyewe hawahangaiki na jina hilo refu. Wanaliita Periya Kovil, yaani hekalu kubwa, basi.

Nianze na kisa kidogo, maana somo lenyewe limetoka humo.

Kisa cha kivuli

Tulikwenda Thanjavur wakati wa likizo ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil, katikati ya Januari. Tulikuwa sita, wote wa kutoka nyumbani Afrika Mashariki. Mlangoni tukavua viatu kama kila mtu, tukaingia ndani na mzee mmoja mwenyeji aliyejitolea kutuonyesha. Saa sita mchana ilikuwa imepita kidogo. Aliyewahi kukanyaga sakafu ya mawe peku kwenye jua la huku anajua nasema nini. Tulikuwa tunarukaruka kama mahindi ya bisi. Tukakimbilia upande wa kaskazini wa mnara, tukasimama kivulini tukishukuru Mungu.

Ndipo mzee akatuambia kwa fahari kubwa, "Mnara huu, wanangu, kivuli chake hakianguki chini saa sita mchana."

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akatazama chini alipokuwa amesimama, akaangua kicheko. "Mzee, sasa hapa tumesimama kwenye nini?" Wengine nao wakacheka. Na mimi, nikiri tu, nilicheka. Mzee hakujibu. Alitabasamu kidogo, akageuza maneno, lakini uso wake ulibadilika. Mama mmoja aliyekuwa amekaa na wajukuu zake akatuangalia kwa jicho ambalo silisahau.

Usiku kwenye basi sikupata usingizi. Sisi hapa ndio tunaolalamika kila siku kwamba tunaulizwa maswali ya ajabu kuhusu kwetu, na kwamba watu wanatucheka kabla ya kutujua. Leo tumeingia katika nyumba ya ibada ya watu tukafanya yale yale. Nikasema moyoni, mimi ni mhandisi. Badala ya kucheka ningepaswa kupiga hesabu. Nitawaonyesha hesabu hiyo hapo chini. Kwanza tulijue hekalu lenyewe.

Nani alijenga na lini

Hekalu lilijengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, aliyetawala kuanzia 985 hadi 1014. Tarehe ya kukamilika hatuhitaji kuibahatisha, kwa sababu imechongwa ukutani. Siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, yaani mwaka 1010, mfalme alitoa kilele cha shaba kilichofunikwa dhahabu kiwekwe juu ya mnara. Mwaka 2010 hekalu lilitimiza miaka 1000, na wacheza ngoma 1000 wa Bharatanatyam walicheza pamoja uwanjani.

Kuta za chini zimejaa maandishi ya Kitamil. Kwangu mimi hiki ndicho kitu cha ajabu kuliko ukubwa wa mnara. Mfalme aliagiza zichongwe zawadi zake, za dada yake Kundavai, za wake zake na za watu wengine. Lakini hayakuishia kwa wakubwa. Yametajwa majina ya wanawake 400 wa hekalu, waliotolewa katika mahekalu mengine na kupewa nyumba hapa, kila mmoja na mtaa wake na mgawo wake wa mpunga kwa mwaka. Wametajwa wapiga muziki, wahasibu, walinzi, mafundi cherehani, wafinyanzi, madobi na kinyozi. Na fundi mkuu ametajwa pia: Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan. Wahandisi wenzangu, ni majengo mangapi ya zamani tunayoyajua yenye jina la fundi ukutani?

Maandishi hayo hayo yanaonyesha hekalu lilivyoendeshwa. Ukitaka taa moja iwake siku zote mbele ya Mungu, unatoa kondoo 96 au ng'ombe 48, wachungaji wanakabidhiwa, nao wanaleta samli ya taa kila siku. Fedha taslimu zilikopeshwa kwa mabaraza ya vijiji kwa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka, na riba ndiyo iliyolipia ibada. Kwa maneno mengine, hekalu lilikuwa pia benki, mwajiri na soko. Tusisahau upande wa pili: sehemu ya utajiri huo ilitokana na vita. Mfalme mwenyewe anaeleza kwamba baadhi ya zawadi zimetoka katika hazina za falme alizozipiga. Ukuta haukuficha.

Jengo linavyosomeka

Uwanja wa hekalu una urefu wa mita 240 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, na upana wa mita 120 hivi. Ni miraba miwili iliyowekwa ubavu kwa ubavu. Mnara umesimama katikati ya mraba wa nyuma, wa magharibi. Unaingia kutoka mashariki kwa kupita malango mawili, kisha unakutana na Nandi, fahali wa jiwe moja mwenye urefu wa kama mita 6, aliyelala akimtazama bwana wake. Nandi huyu na banda lake si vya enzi ya Rajaraja. Viliongezwa karne kadhaa baadaye, wakati wa watawala wa Nayaka.

Baada ya Nandi unapanda ngazi, unaingia kumbi zenye nguzo, na kila hatua mwanga unapungua. Mwisho kabisa kuna chumba cha giza kinachoitwa garbhagriha. Neno hilo ni la Kisanskriti: garbha ni tumbo la uzazi, griha ni nyumba. Humo ndimo lilimo linga, nguzo laini ya jiwe yenye kichwa cha mviringo, ambayo ni alama ya Mungu Shiva. Linga la hapa ni kubwa mno, linazidi kimo cha mtu mara kadhaa.

Juu ya chumba hicho ndipo ulipo mnara, unaoitwa vimana. Wapimaji hutaja urefu wa kati ya mita 60 na 66, kutegemea wanaanzia wapi na wanaishia wapi. Una ngazi 13 zinazopungua kadiri unavyopanda, na juu kabisa kuna kuba la pembe nane. Chini upana wake ni mita 30 hivi kila upande. Umejengwa kwa granaiti, ingawa Thanjavur yenyewe ni nchi tambarare ya mashamba ya mpunga. Mawe ilibidi yasafirishwe kutoka mbali.

Sasa ndani yake kukoje? Wengi wanadhani ni mlima wa mawe matupu. Sivyo. Mnara ni mtupu ndani. Chumba kitakatifu kimezungukwa na kuta mbili nene, moja ndani ya nyingine, na kati yake pana njia ya kuzunguka. Ukipanda juu zaidi, kuta hizo zinaungana, halafu kila mstari wa mawe umesogezwa ndani kidogo kuliko mstari wa chini yake, hadi pande zote nne zinakaribiana kule juu. Ni kama ukipanga matofali ya mezani, kila moja likichungulia mbele kidogo kuliko la chini yake, huku uzito wa yale ya nyuma ukilizuia lisianguke. Hakuna nondo, wala saruji ya kiwandani, maana hiyo ilipewa hataza huko Uingereza mwaka 1824. Jengo zima limeshikwa na uzito wake lenyewe.

Hesabu ya kwanza: je, jiwe linaweza?

Mita moja ya ujazo ya granaiti ina uzito wa tani 2.7 hivi. Tuseme mnara ungekuwa nguzo isiyopungua yenye urefu wa mita 60. Kila mita ya mraba pale chini ingebeba 2.7 × 60, yaani tani 162. Kwa vipimo vyetu vya darasani hiyo ni kama megapaskali 1.6. Granaiti nzuri inavumilia megapaskali 100 na zaidi. Maana yake jiwe limetumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake, asilimia moja au mbili hivi.

Basi hatari haiko kwenye jiwe, iko kwenye ardhi na mizani. Udongo wa kawaida hauwezi kubeba megapaskali 1.6, wengi huchoka kabla hata ya kufika nusu ya hapo. Fundi amejibu swali hilo kwa umbo. Mnara unapungua kwenda juu na ndani ni mtupu, kwa hiyo uzito wote ni mdogo kuliko nguzo yetu ya kufikirika. Tena umekaa juu ya kitako kipana, na pande zake nne zinalingana ili usiegemee popote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuyaandika haya kwenye mtihani. Fundi Perunthachan aliyasimamisha, nayo yamesimama zaidi ya miaka 1000.

Hesabu ya pili: jiwe la tani 80

Kisa kingine utakachosimuliwa ni kwamba kuba la juu ni jiwe moja la tani 80, lililoburutwa kwenye tuta la udongo lenye urefu wa kilomita 6. Tupige hesabu bila kucheka. Kupanda mita 60 kwa kilomita 6 ni mwinuko wa asilimia moja tu, mteremko wa kawaida kabisa. Kuburuta tani 80 juu ya magogo na udongo uliolowa kunahitaji watu wengi, mia kadhaa na pengine zaidi, lakini mfalme alikuwa nao. Mpaka hapo kisa kinawezekana.

Tatizo ni tuta lenyewe. Urefu mita 6000, kimo cha wastani mita 30, upana tuseme mita 10: hizo ni mita za ujazo milioni 1.8, na hapo nimelipa kuta za wima, jambo ambalo udongo haukubali. Hekalu lenyewe, hata nikihesabu mnara wote kama jiwe tupu, halifiki mita za ujazo elfu arobaini. Yaani tuta lingekuwa zaidi ya mara arobaini ya kitu chenyewe kinachojengwa! Fundi mwenye akili ya kujenga vimana angetafuta njia fupi. Na kweli, wataalamu waliochunguza kuba kwa karibu wamekuta si jiwe moja, bali vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa ustadi hadi vinaonekana kimoja. Kwangu mimi hilo halipunguzi sifa. Kuunganisha vipande huko juu ni kazi ya fundi. Kuburuta jiwe ni kazi ya kamba.

Hesabu ya tatu: kivuli

Sasa turudi kwa mzee wetu. Thanjavur iko nyuzi 10.8 kaskazini mwa ikweta. Katikati ya Januari jua la saa sita liko nyuzi 21 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo linakuwa nyuzi 32 kutoka utosini. Kivuli cha kilele chenye mita 60 kitaanguka 60 × tan 32, sawa na mita 37 kaskazini mwa katikati ya mnara. Kutoka katikati hadi ukutani ni mita 15. Kwa hiyo kivuli kimetoka nje mita 22. Ndicho tulichokimbilia. Mdogo wetu alikuwa sahihi.

Lakini ngoja kwanza. Rudia hesabu kwa tarehe 21 Machi. Jua liko juu ya ikweta, nyuzi 10.8 kutoka utosini. Kivuli ni mita 11, kimebaki ndani ya zile 15! Tarehe 21 Juni jua limepita kaskazini, kivuli kinaelekea kusini, mita 13. Nacho kimebaki ndani. Ukiendelea hivyo utagundua kwamba kuanzia katikati ya Machi hivi hadi mwishoni mwa Septemba, saa sita kamili ya jua, kivuli cha kilele kinaangukia juu ya mwili wa hekalu lenyewe na hakifiki uwanjani.

Kwa hiyo mzee alisema jambo ambalo ni kweli kwa nusu ya mwaka. Waliomfundisha hawakuwa waongo. Waliona kwa macho yao, kisha maneno yakasafiri mpaka yakaacha miezi nyuma. Hakuna muujiza hapo. Ni mnara unaopungua kwenda juu katika nchi ya jua la utosini, kitu ambacho sisi tuliokulia karibu na ikweta tungepaswa kukielewa kuliko mtu yeyote.

Maana yake kwa wanaoabudu

Yapo mambo ya jengo hili ambayo hayapimwi kwa futikamba, na hapo mhandisi anyamaze asikilize. Katika maandishi ya Rajaraja mnara unaitwa Dakshinameru, yaani Meru ya Kusini. Meru ni mlima ambao kwa imani ya Wahindu uko katikati ya ulimwengu. Basi mnara ni mlima, na chumba cha giza chini yake ni pango la mlimani. Ndiyo maana nje kumechongwa kwa fujo ya sanamu na ndani kabisa ni kutupu na kimya. Muumini anatoka kwenye wingi anaelekea kwenye kimoja.

Anapofika mbele ya chumba, kuhani anainua taa na linga linaonekana kwa muda mfupi. Hilo wanaliita darshana: kumwona Mungu, na pia kuonwa naye. Hakuna mahubiri. Watu wamesafiri usiku kucha kwa ajili ya dakika ile. Baada ya hapo wanazunguka hekalu kwa upande wa kulia, kama mishale ya saa, kitu kitakatifu kikiwa mkono wa kuume siku zote.

Katika njia ya ghorofa ya juu, ambako kwa kawaida wageni hatupandi, Shiva amechongwa akicheza. Mitindo ya ngoma katika mapokeo yao ni 108. Imechongwa 81, mawe 27 yaliyobaki yamewekwa tayari lakini hayakuguswa na patasi. Miaka elfu imepita na mawe yale bado yanangoja.

Hekalu limo katika orodha ya UNESCO tangu 1987, na mwaka 2004 yaliongezwa mengine mawili ya ukoo huo huo. Orodha inayaita mahekalu yaliyo hai, na ni kweli. Mwaka 1997 banda la makuti lililojengwa uwanjani kwa ajili ya ibada ya kulitakasa upya hekalu lilishika moto na watu zaidi ya 40 walifariki. Mawe ya mwaka 1010 hayakudhurika. Kilichoua ni banda la muda na msongamano wa kutokea. Wahandisi tukariri hilo. Ibada kama ile ilifanyika tena tarehe 5 Februari 2020, baada ya mabishano hadi mahakamani juu ya lugha: Kisanskriti au Kitamil? Mahakama Kuu ya Madras ilielekeza zitumike zote mbili. Watu hawapelekani mahakamani kwa sababu ya gofu.

Ukienda

Wengi wetu ni Waislamu na Wakristo, na najua wapo wanaojiuliza kama inafaa kuingia. Hilo kila mtu alipime na dhamiri yake. Ninachosema ni kwamba kutazama si kuabudu, na kuheshimu si kuabudu. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Viatu acha mlangoni. Ukiambiwa hapa usipige picha, usipige. Ukiambiwa mwisho wako ni hapa, simama hapo hapo, usibishane na mlinzi. Na chochote utakachoambiwa kuhusu mawe, kipime. Chochote utakachoambiwa kuhusu Mungu wao, kisikilize.

Nimalizie kisa. Mwezi wa Aprili nilirudi Thanjavur na yule mdogo wetu, nauli nikamlipia mimi. Tulimtafuta mzee, tukampata pale pale langoni. Tukaingia naye, na jua lilipofika utosini tukatazama upande wa kaskazini. Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Kivuli hakikuwepo, kimebaki chote juu ya hekalu. Kijana akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Shikamoo, baba. Nilikosea." Nikatafsiri nilivyoweza. Mzee akacheka sana safari hii, akaonyesha miguu yetu, maana nyayo zilikuwa zinaungua na hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mnara unaopungua kwenda juu ni salama zaidi kwa ardhi kuliko nguzo ya upana mmoja?
2. Hesabu kivuli cha kilele cha Thanjavur saa sita ya tarehe 21 Desemba, jua likiwa nyuzi 23.4 kusini mwa ikweta. (Jibu: mita 41 hivi kutoka katikati.)
3. Taja kisa kimoja cha jengo la kale la kwenu ulichosimuliwa utotoni. Ungekipimaje bila kumvunjia heshima aliyekusimulia?



Mwandishi ni mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi wa majengo.